Kitanda Korongoni

Mitumba ina harufu yake, na aliyekulia chini ya meza ya mitumba haisahau. Ni dawa ya nondo, vumbi la safari ndefu na sabuni ya watu usiowajua. Majuzi nilikuwa nyumbani kwa mama natafuta ndoo stoo, nikavuta mfuko wa rangi ya chungwa uliofifia, nikafungua zipu, harufu ile ikanipanda puani. Nikakaa chini palepale sakafuni. Baba alikuwa ametutoka, mwaka wenyewe haujaisha, na kwenye msiba nilikuwa nimeshughulika mno na sufuria za wageni, sikupata nafasi ya kulia. Siku hiyo nililia vizuri. Kisha nikacheka peke yangu, maana ndani ya mfuko ule kulikuwa na hema, na hema lile lina mambo yake.

Tulikuwa tunakaa Mwanza, chumba na sebule, mlimani katikati ya mawe. Baba yetu Masanja alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia kwenye kiwanda cha nguo. Mama aliuza mitumba sokoni mjini. Mimi, Kulwa, na pacha wangu Doto tulikuwa darasa la tatu, na kazi yetu kubwa ilikuwa kugombana. Ndipo mwaka ule baba akaanza kukaa nyumbani. Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kazi na kulifunga vifungo mpaka shingoni, kisha akakaa barazani kusikiliza redio. Mama akatuambia, "Baba yenu yuko likizo." Tuliamini. Mimi tena nikaenda kujivuna shuleni kwamba baba yangu lazima ni mkubwa sana kule kiwandani, maana baba za wenzangu walipewa likizo ya wiki chache tu wakati ya kwetu haikuwa na mwisho.

Kumbe kiwanda kilikuwa kinapunguza watu, na baba alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Watu wazima mtaani walijua. Waliokuwa hawajui ni sisi watoto, na watu wa kijijini kwao, mbele ya Usagara. Hao wa kijijini ndio hasa baba hakutaka wajue.

Lazima nieleze baba alikuwa nani kule kijijini. Kila Krismasi tulikwenda, na baba alibeba mafurushi ya vitambaa. Kiwandani mashine ya chapa ilikuwa ikiteleza, basi ua jekundu linapanda juu ya ua la buluu, na kitambaa chote kinaharibika. Duka halikipokei. Wafanyakazi waliuziwa kwa bei ya kutupa. Baba alikuwa anakusanya vipande hivyo mwaka mzima chini ya kitanda, na siku ya Krismasi anavigawa nyumba kwa nyumba: huku gauni, huku shati la mtoto, huku kitambaa cha kufunikia meza. Alipenda siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Krismasi ya likizo ndefu hatukwenda. Baba aliagiza salamu kwamba kazi zimembana.

Hema lilitoka kwenye belo la mitumba la mama. Alikata kamba za belo akitegemea makoti, na chini kabisa akakuta mfuko wa rangi ya chungwa wenye kitambaa kikubwa kisicho na mikono wala kola, kamba, na fimbo za chuma zinazoingiana. Alilitandika mezani, watu wakaja kutoa maoni. Mmoja alisema ni la kufunikia gari. Mwingine alisema ni koti la mvua la watu wawili wanaopendana. Mvuvi mmoja wa Sengerema aliyesubiri kivuko alitaka kulinunua aanikie dagaa, akafika bei nusu ya aliyotaka mama, wakanuniana. Jioni likarudi nyumbani.

Baba hakuangalia kitambaa, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu, kwa kuwa yeye hata kanga ya jirani ikipita alikuwa anaitathmini. Aliangalia picha iliyokuwa kwenye mfuko. Picha ile ilionyesha Wazungu wawili na watoto wao wamekaa mbele ya hema kama lile, kando ya mto uliopita katikati ya kuta mbili za mawe, na wote wanacheka.

"Hapa napajua," baba alisema.

"Ulaya unapajulia wapi, Baba Kulwa?" mama akauliza.

"Siyo Ulaya. Hili ni korongo letu. Angalia jiwe hili. Hapa ndipo nilipokuwa nanyweshea ng'ombe."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Niliamini moja kwa moja kwamba wale Wazungu walikwenda kijijini kwetu wakapiga picha bila kuaga, na miaka mingi baadaye nilikuwa bado nasikitika kwamba bibi hakuwapikia.

Tangu jioni ile baba alipata kazi. Alipanga safari ya kwenda kulala korongoni kwa bidii ambayo sijaiona tena hata kwenye harusi yangu. Alifumua hema lote kwenye mishono akalishona upya kwa mkono. Alilisimamisha sebuleni, ikabidi meza ilale nje. Alitufundisha mimi na Doto kuunganisha zile fimbo tukiwa tumefumba macho. Alihesabu viazi, akafungasha dagaa, akapima chumvi kwenye kopo, akanoa panga. Aliulizia madereva wa malori ya pamba mpaka akampata mmoja wa mnunuzi binafsi, hao waliokuwa wameanza kujaa siku zile, aliyekubali kutushusha karibu na mto. Mama alimwangalia tu. Baadaye sana aliniambia kwamba wiki hizo ndipo baba alipoanza tena kumaliza chakula chake.

Eneo lile la mto lilikuwa msitu wa serikali, hivyo baba alikwenda kuomba ruhusa kwa bwana misitu, akanichukua. Ofisi ilikuwa na meza moja na joto jingi.

"Unataka kukata miti?" bwana misitu aliuliza.

"Hapana, mkuu."

"Kuchoma mkaa?"

"Hapana."

"Kuchimba mchanga basi. Sema tu, mzee, tusipotezeane muda."

"Nataka kulala."

Bwana misitu aliweka kalamu chini. "Kulala?"

"Mimi, mke wangu na watoto. Halafu tuamke, turudi."

Yule bwana akaniangalia mimi, labda akitafuta mtu mwenye akili zaidi. Nikamwambia, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba," kwa sauti ya kuchoka. Kisha akasema yeye hana sheria ya kumkataza mtu kulala, mradi asikate mti na moto auzime kwa maji. Baba alimshukuru kwa mikono miwili. Njiani alinishika bega, akaniambia, "Umesikia, Kulwa? Ni mali ya serikali. Kikiwa cha serikali ni chetu, hatuombi kwa mtu."

Sikuelewa mtu gani asiyetaka kumwomba. Nilielewa kidogo usiku wa kufungasha, niliposikia yeye na mama wakizungumza nyuma ya pazia.

"Utapita mlangoni kwa dada yako Milembe usiingie?" mama alisema. "Hilo korongo liko chini ya miji yao. Watu wana macho."

"Hatupiti juu. Lori litatushusha upande wa pili."

"Mficha uchi hazai, Baba Kulwa."

"Nimeshazaa wawili. Wanatosha."

"Waambie tu kazi imekwisha. Ni ndugu zako."

Baba akasema neno ambalo sikulijua uzito wake. "Nitaingiaje kwa watu mikono mitupu? Nawataka watoto wapaone kwetu. Basi. Nikishawaonyesha, turudi."

Tulishushwa asubuhi jua likiwa bado changa. Korongo lilikuwa vilevile kama kwenye picha, nasema kweli. Kuta za mawe pande zote mbili, mti umeota ndani ya ufa, na chini mchanga mweupe wenye madimbwi, maana ilikuwa kiangazi na mto ulikuwa umelala. Baba alivua viatu. Alituonyesha jiwe alilokuwa anatelezea mpaka akachana kaptura, na pango alilojificha siku alipopoteza ndama. Alituonyesha jinsi ya kufukua mchanga kwa mikono mpaka maji safi yachemke polepole chini ya vidole. Tulikunywa tukiwa tumelala kifudifudi. Sijanywa maji matamu kama yale, na sasa hivi nina friji.

Hema lilitushinda. Sebuleni lilikuwa linasimama bila shida, lakini pale mchangani vigingi viling'oka kila upepo ulipopiga. Baba alianza kupandisha sauti. Ndipo mama akamwambia asogee, akafunga kamba kwenye mawe makubwa vilevile anavyofunga banda lake la sokoni, akavuta, akakaza kwa goti. Hema likasimama mpaka likalia ukilipiga kofi. "Mitambo hiyo, fundi," alimwambia baba, na baba akacheka kwa sauti iliyogonga ukuta wa pili ikarudi.

Tukawasha moto, tukaweka viazi. Kwenye dimbwi la mbali alikuwepo mwanamke anachota maji. Aliona moshi, akasogea, akaona hema. Akamwona baba. Sisi tulimwamkia lakini hakujibu. Aliacha ndoo palepale, akapanda kilima mbio, kanga inamdondoka.

Baba alikaa juu ya jiwe. "Habari imefika," alisema.

Mama akageuza viazi. "Ikifika imefika."

Alasiri ndipo tulipowasikia. Kwanza sauti nyingi juu ya ukingo, halafu mawe madogo yakianguka, kisha wakaanza kuteremka mmoja mmoja kwenye njia ya ng'ombe. Mbele alikuwa Shangazi Milembe, dada mkubwa wa baba, mwanamke mpana asiyekimbia hata mvua ikinyesha. Nyuma yake vijana wanne wamebeba kitanda. Kitanda kizima, cha miti na kamba za ngozi, kinashuka korongoni juu ya vichwa. Nyuma ya kitanda walikuwa wanawake wenye kuku, vibuyu vya maziwa na kikapu cha michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na wazee wenye fimbo, na watoto. Na wote, wakubwa kwa wadogo, walivaa nguo ya kitambaa kimoja: ua jekundu limepanda juu ya ua la buluu.

Nilisimama nikapiga makofi. Mawazo yangu yalikuwa kwamba ni sherehe na ile ni sare. Harusi zote za mjini nilizowahi kuona, ndugu wa bwana harusi walishona sare. Nikajua sasa baba yangu ni mtu mkubwa kupita nilivyodhani. Mkubwa kwelikweli, anayefika porini bila taarifa, na watu wanashona sare na kumletea kitanda. Nilimnong'oneza Doto, "Umeona?" Doto naye alikuwa ameona.

Lakini hakuna aliyeimba. Walisimama mbele ya hema, kitanda bado kichwani.

"Mwadila," Shangazi Milembe alisalimia.

"Mwadila, dada," baba alijibu. Alikuwa amesimama.

"Nyumba imeungua?"

"Hapana, dada."

"Umegombana na mkeo?"

"Mimi hapa, wifi," mama alisema. "Karibuni."

"Basi nani amekufukuza, Masanja? Unalala polini na watoto, mimi niko juu pale na mlango wangu uko wazi. Tumekukosea nini? Sema mbele ya hawa, wote ni watu wako."

Nilimwangalia baba. Vifungo vya shati lake la kazi vilikuwa vimefungwa mpaka shingoni hata kule mchangani, na mkono wake ulipanda ukafungua kile cha juu.

"Hakuna aliyenifukuza, dada. Kazi imekwisha. Tangu kabla ya Krismasi. Niliwaagizia salamu za uongo kwa sababu nilikuwa sina cha kubeba. Nyumba ninayo, mke ninaye, watoto mnawaona. Huku tumekuja kufurahi tu."

Aliyasema yote hayo kwa sauti ya kawaida, akimwangalia kila mtu usoni, na alianza na dada yake akamaliza na mimi. Mimi nilisikia neno moja tu, kwamba kazi imekwisha, nikaona ni jambo zuri. Kazi ikiisha si mtu anapumzika?

"Kufulahi?" shangazi alisema.

Baba alimpa mfuko ili aone ile picha. Shangazi aliushika kwa mikono yote miwili, akawaangalia wale Wazungu na watoto wao mmoja mmoja. Wazee nao wakasogea wakachungulia.

"Na hawa," shangazi akauliza, "hawana ndugu?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Halafu baba, halafu shangazi mwenyewe, mwili mzima, mpaka akashika nguzo ya kitanda. Korongo lote likajaa kicheko, na vijana wanne wakalalamika kwamba jamani, kitanda kizito. Shangazi akawaambia wakitue pale pembeni mwa hema, maana kitanda kikitoka kumpokea mtu hakirudi siku hiyohiyo.

"Kama ni kufulahi," alisema, "tufulahi wote."

Kuku walichinjwa. Wanawake walichambua dagaa wetu na kucheka ubahili wa watu wa mjini. Mzee mmoja alitaka aingie ndani ya hema afungiwe zipu, kisha akataka afunguliwe haraka. Jioni wengi walipanda kurudi kwao, lakini shangazi alibaki, akalala hemani katikati yangu na Doto, akakoroma mpaka kitambaa kikatetemeka. Baba na mama walilala kitandani nje, chini ya ukuta wa mawe, kama bwana na bibi harusi, na hilo lilithibitisha kila nilichokuwa nimefikiri.

Asubuhi vijana walichelewa kuja kubeba. Baba hakuwasubiri. Alikunja mikono ya shati, akaweka kata ya kanga ya mama kichwani, akainama chini ya kitanda, akasimama nacho. Mama alishika nyuma. Tukapanda njia ya ng'ombe mpaka juu, kwenye ile njia aliyoapa kwamba hatupiti, na baba akakatiza kijiji kizima na kitanda kichwani, akisimama kwenye kila mji kusalimia na kushukuru kwa Kisukuma. "Mwangaluka! Wabeja! Wabeja kwa kuku!" Watu walitoka nje. Hakuwa na furushi hata moja. Alipokelewa kila mlango.

Shuleni nilitangaza. Baba yangu akienda porini, niliwaambia, watu wanavaa sare na kumletea kitanda. Mwalimu alinichapa kwa uongo. Nilirudia kesho yake.

Nilikuwa mtu mzima kabisa, nina watoto wangu, mama aliponieleza sawasawa. Kwamba ile haikuwa sare. Kwamba kijijini siku zile nguo njema waliyokuwa nayo karibu wote ilikuwa moja, ile aliyowagawia baba, nao walipoambiwa Masanja amefilisika analala korongoni na watoto, walivaa nguo zao njema kwanza, ndipo wakaja kumpokea. Na kwamba kitanda kile, walichomletea asilale chini, kilikuwa cha Shangazi Milembe mwenyewe, naye hakuwa na kingine. Mama alisimulia kwa huruma, akidhani ananisahihisha. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sikuona nilipokosea. Najivunia baba yangu, nasema wazi, na nilikuwa na haki ya kujivuna tangu siku ile. Mwaka ule ule alipata cherehani iliyochoka, akakaa kando ya meza ya mama kupunguza suruali za mitumba, na mjini kote walimjua kwa mshono wake. Lakini mimi nikifumba macho namwona na kitanda kichwani.

Hema nimelianika kwenye mawe nyumbani kwa mama lipate jua. Mishono ya baba haijaachia hata mmoja. Wanangu wameona kambi kwenye simu, wananisumbua, na Doto amesema atatoa gari lake. Tumepanga kila kitu: maji, tochi, viazi, chumvi kwenye kopo. Ruhusa nimeomba, na safari hii bwana misitu hakushangaa. Jana nikampigia Shangazi Milembe. Sasa ni mzee sana, simu anashikiwa na mjukuu.

"Shikamoo, shangazi. Ni Kulwa. Tunakuja Jumamosi."

"Marahaba, mwanangu. Kalibuni. Mtalala kwangu?"

"Tutalala korongoni, shangazi."

Nilisikia kuku wake wakilia, na mjukuu akimuuliza kama simu imekatika.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna, shangazi. Tunakuja kufurahi."

"Haya," akasema. "Kitanda kitatangulia."